Dizeli Haitaki Uchafu

Shule zikifunga, mabasi ya manjano huanza kupelekwa gereji. Muhula mzima basi limebeba wanafunzi kwenda michezo na mashindano ya muziki, limepanda na kushuka vilima vya Nyambene, na sasa lina wiki chache za kuangaliwa. Hapa Mikinduri wenye pikapu za miraa huja mbio na kuondoka mbio, maana mzigo wao haungoji. Basi la shule hufunguliwa polepole, na ni katika kazi ya polepole ndipo fundi hujulikana.

Mengi ya mabasi hayo ni Isuzu zilizounganishwa Nairobi, NPR na NQR, zenye dizeli ya silinda nne: 4HF1 ya lita 4.3 au 4HG1 ya lita 4.6. Mafundi wazee walianzia kwenye Bedford, na hizo zilikuwapo za petroli pia. Petroli ikisumbua unatafuta moto: plagi, pointi, koili. Fundi anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikinguruma. Ule ambao ukitoka mlio haubadiliki, silinda yake ndiyo imelala. Kabureta likiingia uchafu, unafungua jeti, unapuliza kwa mdomo, safari inaendelea. Petroli ina huruma.

Dizeli haina huruma hiyo. Haina plagi ya kuwasha moto. Hewa inagandamizwa mara 18 hivi, inapata joto linalopita nyuzi 500, ndipo nozo inarusha mafuta na moto unajiwasha. Rudolf Diesel aliifanya injini yake ifanye kazi sawasawa mwaka 1897, na madai yake ni yale yale hadi leo: mafuta yafike kwenye nozo yakiwa safi, bila hewa, kwa wakati wake. Vyuma vya ndani ya pampu vimebanana kiasi kwamba unywele haupiti, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Waliokuwa wakiichanganya na mafuta ya taa, mpaka serikali ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, walikuwa wakiua pampu za watu. Mafuta ya taa ni makavu mno.

Mtazame fundi akitoa hewa kwenye laini. Hafungui kitu kabla ya kusafisha nje; filta na nati zote zinasuguliwa kwa brashi yenye dizeli, kwa sababu chembe moja ya mchanga itakayoingia leo italirudisha basi hili kesho kutwa. Kisha analegeza skrubu ya juu ya filta na kuanza kupampu kwa kidole gumba. Linatoka povu. Anapampu. Yanakuja mapovu makubwa, halafu moja moja, halafu dizeli tupu. Skrubu anaikaza huku dizeli ingali inatoka. Akiacha kwanza, hewa inarudi. Anahamia kwenye paipu za nozo, analegeza nati kidogo tu.

“Dere, piga stata.”

Dizeli inatema, nati zinakazwa moja baada ya nyingine, injini inashika kwa silinda mbili ikitikisa basi zima, kisha tatu, kisha zote. Hapo bado hajamaliza. Anasikiliza. Akisikia mlio mkali wa kugonga, analegeza nati ya nozo anayoishuku. Ukikoma, nozo hiyo inachomolewa ikapimwe. Pampu yenyewe hagusi. Inafungwa vizuri na kupelekwa kwa mwenye mashine ya kuipima, Meru mjini au Kirinyaga Road, Nairobi. Fundi anayejua pa kuishia namheshimu kuliko yule asiyeshindwa na kitu.

Wapo wanaodai shule zingefaa kubaki na petroli, injini tulivu, spea rahisi. Mimi sikubali, na sisemi kwa ajili ya bei. Tarehe 14 Mei 1988, karibu na Carrollton katika jimbo la Kentucky, Marekani, pikapu ya mlevi iligonga basi lililowahi kuwa la shule, likitumia petroli, limebeba vijana wa kanisa. Tangi likatoboka, moto ukawaka, watu 27 wakafa. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata penye baridi kali. Dizeli lazima ipashwe kupita nyuzi 50 kwanza.

Lakini kwenye mteremko petroli ina haki yake. Ukiachia mafuta, kipepeo cha kabureta kinabana hewa na injini inashika gari. Hizi dizeli huvuta hewa bila kuzuiwa, hazishiki sana, ndiyo maana Isuzu huweka kipepeo kingine kwenye eksozi. Basi linaloshuka kwenda daraja la Nithi kwenye barabara ya Meru–Embu halipaswi kutegemea pedali peke yake; breki zikipata moto hulegea. Kipepeo hicho hugandishwa na masizi, na dereva anaweza kumaliza mwaka akibonyeza swichi isiyofanya lolote. Fundi anaingia chini bila kuombwa, anakilowesha, anakisukuma huku na huku mpaka kizunguke, kisha anamwita dereva awashe, abonyeze swichi, aachie mafuta, naye akiwa kule chini anatazama kama mkono wa kipepeo unasogea. Kwenye risiti ya shule kazi hiyo huandikwa “sevisi”, basi.