Leso ya Maji Shingoni

Anayefika kwa mtabibu wa shughuli mara ya kwanza, iwe katika hospitali ya rufaa ya Homa Bay au ya Migori, hushangazwa na maswali yake. Ukiamka unashika nini kwanza? Maji mnachota wapi? Siku hizi nani anasonga ugali? Wengi humwita daktari wa mazoezi, wakimchanganya na mwenzake wa fiziotherapia. Yule hushughulikia msuli na kiungo. Huyu hufuata kazi ambayo kiungo hicho kilikuwa kikiifanya, mpaka jikoni, mpaka chooni.

Ufundi huu nauheshimu, na heshima yangu huzidi ninapoutazama ukipambana na maltipo sklerosisi. Katika maradhi haya kinga ya mwili hushambulia ganda linalofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza kwa kina mwaka 1868. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, umri wa kulea na kutafuta riziki. Huku kwetu karibu na ikweta ni nadra, na unadra huo wenyewe ni mzigo, maana mtu anaweza kuzunguka miaka mingi na miguu yenye ganzi kabla ya kuambiwa jina la kinachomsumbua. Mtabibu wa shughuli hana haja ya kulisubiri jina hilo. Mkono unaoshindwa kufunga kifungo anauona leo, na leo anaanza nao.

Mwenye kiharusi huhimizwa ajaribu, arudie, aongeze. Mwenye maltipo sklerosisi hufundishwa kupumzika kabla hajachoka. Ni somo gumu kwa mtu aliyelelewa kuona aibu kuketi wakati wenzake wanalima. Uchovu wa ugonjwa huu si uvivu, na haumalizwi na usingizi wa usiku mmoja. Isitoshe, joto huuchochea. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia walipojikakamua, kisha yakarejea walipopumzika. Baadaye ilibainika kwamba kiini chake ni mwili kupata joto. Sasa fikiria joto la saa saba mchana kando ya Ziwa Victoria.

Tuseme mgonjwa ni mama anayeuza omena Mbita, au Sori upande wa Migori. Omena huvuliwa usiku kwa taa, mashua hurudi alfajiri, na samaki hao hukaushwa juani. Biashara yake inataka jua; mwili wake unalikimbia. Mtabibu asiye mahiri angemwambia aache. Aliye mahiri huketi naye waipasue siku vipandevipande. Kununua na kuanika ni kazi ya alfajiri, kungali baridi: hiyo ni yake. Kugeuza omena jua likiwa kali apewe kijana wa nyumbani. Yeye akae kivulini na leso iliyoloweshwa maji shingoni, apime na kupokea pesa. Jioni arudi kukusanya. Biashara inabaki yake, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi huyu.

Jikoni anaendelea vivyo hivyo. Mtungi wa lita 20 unagawanywa katika vidumu vya lita 5. Mpini wa mwiko unazungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili vidole dhaifu vishike. Kigoda kirefu kinawekwa karibu na meko, na sufuria inabanwa isizunguke mtu akisonga ugali kwa mkono mmoja. Kiti cha plastiki kinakatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya choo cha shimo. Vitu hivi havina fahari, na fundi wa mtaani huvimaliza kwa siku moja.

Kisha anamgeukia anayeuguza, ambaye mara nyingi ni mke, binti au mama mkwe. Anamwonyesha jinsi ya kumwinua mtu kutoka kitandani: miguu yako ipanuke, magoti yapinde, umvute kwako kwa kumshika kiunoni, kamwe usimvute mikono. Anamwacha ajaribu mara tatu, nne, huku akitazama mgongo wake. Anamwuliza pia yeye hulala saa ngapi. Nadhani swali hilo ni tiba kamili, kwa kuwa anayeuguza akivunjika mgongo, nyumba inabaki na wagonjwa wawili. Humfundisha pia kungoja: mgonjwa akichukua robo saa kuvaa shati, avae mwenyewe.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, Rongo au Kendu Bay, Awendo au Oyugis, uliza hospitalini kitengo cha tiba ya shughuli. Nenda asubuhi, kabla ya joto. Mbebee na mwiko wake, ule anaoutumia kila siku, kwa sababu mtabibu atataka kuuona.