Kiti cha Sufu, Kiti cha Vinili

Treni za BART zilipoanza kubeba abiria katika eneo la Ghuba ya San Francisco, Septemba 1972, sakafu za mabehewa zilitandikwa zulia na viti vikavikwa kitambaa cha sufu. Wahandisi hawakughafilika. Mshindani wao hakuwa treni nyingine, alikuwa gari la mtu binafsi. Mwenye gari haliachi nyumbani ili akakalie benchi. Basi wakamtengenezea sebule inayotembea, yenye viti vipana vya sponji, madirisha makubwa na kiyoyozi. Hata reli walizitenganisha kwa milimita 1,676, badala ya 1,435 za kawaida, ili behewa litulie. Kampuni iliyounda mabehewa hayo, Rohr, ilitokea kwenye kazi za ndege.

Sasa, sebule ina mwenyewe. Kwako unajua ni nani kamwaga chai, na unajua atakayepiga magoti na kitambaa. Kwenye behewa aliyemwaga kashuka kituo cha pili, na anayekuja kukaa haoni kitu, maana sufu imeshainywa chai yote. Hapo ndipo ulipo ufundi mbaya wa kitambaa: hufyonza uchafu na kuuficha kwa wakati mmoja. Tena hakifutiki. Ili kiti cha BART kisafishwe sawasawa, ilibidi kivuliwe gamba lake, gamba lipelekwe kwa dobi wa kufua bila maji, kisha livikwe tena. Hesabu kazi hiyo kwa mabehewa 669.

Mwaka 2011 chombo cha habari cha The Bay Citizen kilimpa mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Francisco kazi ya kupima kiti kimoja cha treni hizo. Akakuta bakteria wa ngozi na wa kinyesi, wakiwamo wanaokaidi dawa. Lakini mimi kilichonishughulisha zaidi ni jambo la pili: alikifuta kwa alkoholi, akapima tena, na bakteria wakaota vilevile. Maana yake mfagiaji hakuwa mvivu. Hata angepita na dawa kila saa, dawa ingeishia juu na maisha yangeendelea chini.

BART ikaanza kubadilisha viti mwaka 2012, na kufikia mwisho wa 2014 mabehewa yote yalikuwa na vinili. Zulia nalo likang'olewa. Vinili haimfanyi abiria kuwa nadhifu zaidi. Inachofanya ni kuuacha uchafu juu, uonekane, uondoke kwa mkono mmoja wenye kitambaa na dawa. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika.

Washington ilipita njia hiyohiyo, ila ilijilinda kwa sheria. Metro yake ilifunguliwa 27 Machi 1976, nayo ikiwa na zulia, pamoja na marufuku ya kula na kunywa. Marufuku hayo hayakuwa ya mchezo: mwaka 2000 binti wa miaka 12 alitiwa pingu stesheni kwa kula chipsi moja. Kesi ilifika mahakama ya rufaa, na mwaka 2004 Jaji John Roberts, ambaye baadaye akawa Jaji Mkuu wa Marekani, akaandika hukumu iliyoipa Metro ushindi. Kumfunga mtoto pingu ili kuokoa zulia ni gharama ambayo mbunifu hakuiandika popote kwenye mchoro wake. Na zulia lenyewe halikuokoka. Mabehewa ya mfululizo wa 7000, yaliyoanza kazi 2015, hayana.

New York haikuwahi kujaribu sebule. Treni za mwaka 1904 zilikuwa na viti vilivyosukwa kwa henzirani, na baada ya miongo kadhaa vikaja vya faibaglasi, vigumu kama sinia. Makalio hulalamika, lakini sinia husafishika. Balaa la New York lilikuwa kutani: miaka ya 1970 rangi za kupuliza zilifunika mabehewa ndani na nje, na kila aliyeosha alikuta yamechorwa upya kesho yake.

David Gunn alipokabidhiwa uongozi wa treni hizo mwaka 1984, hakuanza kwa kuosha mabehewa yote zaidi ya 6,000. Alichukua treni chache, akaziosha, akaweka kanuni moja: iliyokwisha oshwa haitoki tena na rangi mwilini. Ikichorwa, inaondolewa njiani mpaka isafishwe, hata kama abiria wanangoja. Mchoraji hakuwa na haja ya behewa. Haja yake ilikuwa jina lake lizunguke mji. Jina likishindwa kuvuka lango la karakana, rangi imepotea bure. Mabehewa mapya ya chuma kisichoshika kutu, yasiyohitaji kupakwa rangi, yalirahisisha kazi, na 12 Mei 1989 treni ya mwisho yenye michoro ikatolewa njiani. Miaka mitano kwa kanuni ya sentensi moja. Sijaona mpango wa usafi uliobuniwa kwa akili zaidi ya huo.

Starehe nyingine New York iliichelewesha. Viyoyozi vilivyofanya kazi vizuri vilikuja na mabehewa kumi tu mwaka 1967, vikasambaa polepole, na leo karibu kila treni inavyo. Lakini kiyoyozi hakiui joto, hulihamisha, na chini ya ardhi hakuna pa kulipeleka ila handakini. Mlango ukifungwa mwezi Julai, aliyeingia anafuta jasho kwenye baridi, na aliyebaki jukwaani akingoja treni ijayo anapuliziwa joto alilovuliwa mwenzake.