Mikono na Maneno katika Senema za Flora M'mbugu-Schelling

Mtazamaji wa picha za senema zihusuzo maendeleo amezoea kuelezwa. Sauti ya msimulizi hutangulia, picha hufuata, na mwanamke aonyeshwaye hubaki kuwa kielelezo cha jambo lililokwisha semwa na mwingine. Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, aliupindua utaratibu huo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo siasa yake hasa.

Kumekucha ilitoka 1987, mwaka mmoja baada ya serikali kupatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Yahusu kazi za wanawake zianzazo alfajiri. Jina lenyewe lastahili kuangaliwa: ni kitenzi kisicho na mtendaji. Hakuna aliyekucha, kumekucha tu, na kazi imekwisha kumngoja mwenyewe.

Lakini kazi yake kubwa ni These Hands (1992), picha ya dakika 45. Wanawake, wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaponda kokoto kwa nyundo katika machimbo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Vita vilivyowafukuza vilikomeshwa kwa mapatano ya Roma mwaka huo huo, 1992. Kokoto zao zajenga mji usiokuwa wao. Masimulizi hayapo. Hakuna kisa wala bwana wa kulaumiwa. Wako wasemao kuwa kimya hiki chawanyima wanawake hao ulimi. Sikubali. Maelezo yangetupa nafasi ya kuhurumia upesi na kuondoka; kimya chatulazimisha kukaa mpaka jiwe livunjike.

Huku Mwanhuzi, niandikapo haya, Msukuma ataitambua tofauti mara moja. Katika bugobogobo jembe hufuata ngoma, na shamba la mmoja huwa kazi ya kundi zima. Machimboni nyundo hazina ngoma ya kuziongoza. Wimbo utokeapo, basi, hauamriwi na kazi. Wanawake wamejikusanya wenyewe.

Nina shaka moja, nayo si ndogo. Jina la Kiingereza, lenye kutaja mikono peke yake, lafanana mno na desturi ya mwajiri, ambaye naye huhesabu mikono bila kuwauliza wenyewe majina. Picha yenyewe yatuonyesha nyuso, watoto walioletwa kazini, na wimbo. Jina lake laviacha nje vyote hivyo. Aliyelipata neno kumekucha angaliweza kupata jina jingine.