Nakupenda au Nawapenda? Nafsi ya Pili katika Riwaya ya I Think I Love You ya Allison Pearson

1.0 Utangulizi

Riwaya ya I Think I Love You ya Allison Pearson ilichapishwa mwaka 2010. Kisa chake kinaanza mwaka 1974 katika mji mdogo wa kusini mwa Wales. Petra, msichana wa miaka 13 anayejifunza kupiga selo, anampenda David Cassidy, mwimbaji wa Marekani aliyepata umaarufu kupitia tamthilia ya televisheni ya The Partridge Family (1970–1974). Jina la riwaya limetokana na wimbo wa tamthilia hiyo uliovuma mwaka 1970. Petra na rafiki yake Sharon wanalisoma kwa makini jarida linaloitwa The Essential David Cassidy Magazine, na Petra anavaa rangi ya kahawia kwa kuwa amesoma kwamba ndiyo aipendayo David. Wakati huohuo, jijini London, kijana aitwaye Bill ameajiriwa na jarida hilo ili awaandikie mashabiki barua kana kwamba yeye ndiye David. Kazi hiyo inamtia aibu, hata anamwambia mpenzi wake kuwa yeye ni mwandishi wa habari za muziki.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama kumbukumbu tamu za ujana: picha ukutani, siri za shuleni, mapenzi kwa mtu asiyejua kuwa upo. Usomaji huo si wa makosa, lakini unaliacha nje swali ambalo kazi yenyewe inaliuliza kila barua inapofika: nani anasema na nani? Makala haya yanadai kwamba kiini cha riwaya kimo katika nafsi ya pili. Tutaonesha kwamba utata wa nafsi hiyo katika Kiingereza ndio mtaji wa jarida, na kwamba jaribio la kuitafsiri kwa Kiswahili linauweka utata huo wazi. Aidha, tutadai kwamba mwisho wa riwaya unaukwepa ugumu ambao sehemu yake ya kwanza imeujenga kwa ustadi.

2.0 Nafsi ya Pili na Biashara ya Mapenzi

Neno you la Kiingereza halibainishi umoja wala wingi. Bill anapoandika kwa jina la David, anaandika barua moja inayochapishwa kwa maelfu. Kila msomaji, akiwa peke yake chumbani, anaipokea kama barua yake. Kisarufi, hakuna aliyedanganywa, kwani neno lilelile linamtosha mmoja na linawatosha wote. Udanganyifu wa nafsi ya kwanza, yaani Bill kujiita David, ni uongo wa wazi. Udanganyifu wa nafsi ya pili ni mwembamba zaidi, kwa sababu lugha yenyewe inaubeba bila mwandishi kulazimika kusema uongo wowote.

Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Akiandika “nakupenda”, kiambishi -ku- kinamteua mtu mmoja. Akiandika “nakupendeni”, kila msomaji atajua mara moja kwamba yumo katika kundi. Akiandika “nawapenda”, utata mwingine unazuka, kwa kuwa -wa- huwakilisha ninyi na wao pia. Shabiki angeweza kujiuliza kama anasemeshwa au anasemwa. Hii haina maana kwamba Bill wa Kiswahili asingeweza kudanganya. Angeandika “nakupenda” bila kusita. Tofauti ni kwamba hapo angekuwa amechagua: sarufi ingemlazimu kutamka umoja ambao anajua haupo. Kile ambacho Kiingereza kinakiacha kiwe ukungu, Kiswahili kingekifanya kuwa uongo.

Inafaa kukumbuka kwamba Petra halelewi katika Kiingereza pekee. Mama yake ni Mjerumani, na Kijerumani hutenganisha wewe na ninyi. Kiwelsh, lugha ya eneo hilo, nacho kina neno la kumsemesha mtu mmoja wa karibu ambalo halitumiki kwa wengi. Msichana huyu anaishi kando ya lugha mbili ambazo zingemfungua macho, lakini anapenda katika ile ya tatu, lugha ya redio, ya jarida na ya Marekani.

Mtu anaweza kupinga kwamba kila wimbo wa mapenzi hufanya hivyohivyo. Mwimbaji wa taarabu huimba “wewe” mbele ya ukumbi mzima. Pingamizi hili lina uzito, lakini linatusaidia kuona tofauti. Katika taarabu, hadhira inajua kwamba nafasi ya msemeshwa iko wazi. Anayesimama kwenda kumtunza mwimbaji anaijaza nafasi hiyo mbele za watu: anaufanya ubeti uwe wake na kuuelekeza kwa mpenzi au hasimu wake. Wingi wa wasikilizaji haufichwi, bali ndio unaoupa ubeti makali. Barua za Bill zinatenda kinyume: zinafaulu pale tu kila msomaji anapowasahau wengine.

3.0 Kumzimia Mtu

Hisia aliyo nayo Petra haina jina moja katika Kiswahili sanifu. “Mapenzi” ni pana mno, na “ushabiki” haugusi moyo vya kutosha. Lugha ya vijana inatupa neno linalofaa zaidi: kumzimia mtu. Kitenzi hicho kina mzizi mmoja na kuzima taa, na maana yake ya kawaida ni kupoteza fahamu. Kinaufaa usimulizi wa Pearson kwa namna ya kutisha. Riwaya inatupeleka kwenye onesho la Cassidy katika uwanja wa White City, London. Tukio hilo ni la kihistoria. Tarehe 26 Mei 1974, umati ulisukumana kuelekea jukwaani, mamia wakahitaji matibabu, na msichana wa miaka 14 aliyeumia humo alifariki siku 4 baadaye.

Hapa ndipo wingi uliofichwa na barua unapojitokeza kama miili. Kila msichana amekuja kumwona David wake, akiamini kwamba David akimwona atamtambua. Lakini uwanjani hakuna wewe. Kuna ninyi peke yake, na ninyi hao wanakanyagana. Tunaiona sehemu hii kuwa kilele cha kweli cha riwaya, kwa sababu inamtoza mwandishi wa barua gharama ambayo hakuwahi kuihesabu.

Mgawanyo wa usimulizi unaimarisha hukumu hiyo. Katika sehemu ya mwaka 1974, Petra anasimulia kwa nafsi ya kwanza, ilhali sura za Bill zinasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Anayejipatia riziki kwa kuandika “mimi” ya mtu mwingine hapewi “mimi” yake mwenyewe. Anayedanganywa ndiye mwenye sauti, na sauti hiyo haidhihakiwi. Pearson anaelewa kwamba barua zilikuwa za uongo lakini aliyezisoma alipenda kweli.

4.0 Barua Iliyozuiwa

Sehemu ya pili inatupeleka mwaka 1998. Ndoa ya Petra imevunjika na mama yake amefariki. Katika vitu vya marehemu anakuta barua ambayo mama aliificha: kumbe Petra alishinda shindano la jarida, na zawadi yake ilikuwa kukutana na David. Mama aliyeudharau muziki wa aina hiyo alimnyima binti yake habari hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Kejeli ya tukio hili ni kubwa kuliko riwaya yenyewe inavyoonekana kutambua. Barua zote zilizomfikia Petra ziliandikwa kwa ajili ya maelfu. Barua pekee ya jarida iliyomlenga yeye peke yake, ambayo Kiswahili kingeitafsiri kwa -ku- bila wasiwasi, ndiyo ambayo haikumfikia.

Kuanzia hapo masimulizi yanalegea. Petra na Sharon wanapelekwa Las Vegas kupewa zawadi iliyochelewa, na hadithi inawasogeza Petra na Bill kwenye mapenzi. Mwandishi wa barua anampata msomaji wake, na “nakupenda” inapata wenyewe wawili halali. Inapendeza, lakini kwa gharama gani? Wale maelfu wengine waliosoma barua zilezile wanatoweka. Aliyefia uwanjani hana mwaka 1998. Kwa kumteua Petra mmoja na kumtuza, riwaya inarudia mbinu ya jarida: inamfanya msomaji asahau kwamba kulikuwa na ninyi.

5.0 Hitimisho

Kitenzi cha kwanza cha jina la riwaya nacho kinastahili kupimwa. “Nadhani nakupenda” ni kauli ya kusitasita, lakini iweke katika wakati uliopita, “nilidhani nakupenda”, na mara nyingi msikilizaji wa Kiswahili atangoja kuambiwa kwamba haikuwa hivyo. Sehemu ya kwanza ya riwaya inakataa tafsiri hiyo: Petra hakudhani tu, alipenda. Hilo ndilo fanikio lake, nalo linatosha kuipa kazi hii nafasi katika mijadala ya fasihi linganishi. Udhaifu wake ni kudhani kwamba deni la barua zilizoandikiwa wengi linaweza kulipwa kwa mtu mmoja. Atakayeitafsiri kwa Kiswahili atalazimika kuamua, katika kila barua ya Bill, kati ya -ku- na -wa-, na kila uamuzi wake utakuwa uhakiki.