Mninga Peke Yake Haufungi Mlango: Kuchagua Programu ya Kusimba Faili

Mnunuzi wa mkeka huugeuza akakagua upande wa chini. Sonara huisugua dhahabu kwenye jiwe lake akaisoma rangi ya mchirizi. Kazi hizo hujieleza kwa anayejua pa kutazama. Programu ya kusimba faili haina fadhila hiyo. Chukua nakala ya hati ya kiwanja, ipitishe kwenye programu iliyotengenezwa kwa umahiri, kisha kwenye nyingine iliyoungwaungwa tu: zote mbili zitakupa rundo la herufi zisizosomeka, na zote mbili zitakurudishia hati yako ukiandika nywila sahihi. Mwenye mali haioni tofauti. Anayeiona ni yule aliyekuja kuvunja, na akishaiona yeye, hakuna tena cha kuokoa. Ndiyo maana nashikilia kwamba programu ya aina hii isipimwe kwa inavyofanya kazi mikononi mwa mwenyewe, bali kwa ushahidi ulioachwa na watu wenye ujuzi waliojaribu kuivunja hadharani. Ushahidi huo upo, na hata asiyejua hesabu za usimbaji anaweza kuusoma.

Wauzaji hutanguliza jina la kanuni: AES, biti 256. Heshima ya jina hilo ni ya haki. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilifungua shindano mwaka 1997, wataalamu wa mataifa mengi wakashambuliana kazi zao, na kanuni ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikasimama hadi ikawa kiwango rasmi mwaka 2001. Lakini kuambiwa kwamba programu inatumia AES ni kama kuambiwa kwamba mlango ni wa mninga: umepewa habari za ubao, hujapewa za bawaba wala kitasa. Mwanzoni mwa 2010 ilijulikana kwamba baadhi ya flashi za Kingston, SanDisk na Verbatim, zenye AES ya biti 256 na cheti cha usalama cha serikali ya Marekani, zilifunguka bila nywila. Kampuni ya Kijerumani ya SySS iligundua kwamba nywila ilikaguliwa ndani ya kompyuta, kisha flashi ikatumiwa amri ya kufungua ambayo haikubadilika kamwe, nywila iwe ipi. Aliyeinasa amri hiyo hakuhitaji kitu kingine. Mninga wa kweli, ufunguo mmoja kwa nyumba zote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikuta kasoro za ukoo huohuo katika diski za SSD zinazojisimba zenyewe, wakati ambapo BitLocker ya Windows ilikuwa ikiziachia baadhi ya diski hizo kazi yote.

Basi jicho liende kwanza kwenye njia inayotoka kwenye nywila hadi kwenye ufunguo, maana hapo ndipo ustadi unapojitenga na ubabaishaji. Ufunguo wa biti 256 haukisiki, lakini nywila ya binadamu hukisika, na mwizi aliyeondoka na faili lako hukisia kwa nafasi yake, usiku na mchana, hakuna wa kumwambia amekosea mara tatu. Kinga ni kulifanya kila jaribio lake liwe ghali: nywila huzungushwa kwenye hesabu mara nyingi kabla haijazaa ufunguo. TrueCrypt, iliyotumika kwa miaka kumi duniani kote, ilizungusha mara 1,000 au 2,000. VeraCrypt, iliyorithi kazi yake, huzungusha mara 500,000 kwa kasha la kawaida, yaani faili moja linalobeba faili zako zilizosimbwa, linalotumia kanuni ya SHA-512. Kanuni mpya zaidi, Argon2, iliyoshinda mwaka 2015 shindano la kanuni za kulinda nywila, hudai pia kumbukumbu nyingi ya kompyuta, jambo linalowakwaza wenye kadi za michoro za kukisia kwa kasi. Kwa hiyo sekunde chache za kusubiri kasha lifunguke, ambazo mtumiaji mwenye haraka huziita uzembe wa programu, ndizo kazi yenyewe aliyolipiwa fundi.

Mtu atauliza: kama programu inazungusha mara nusu milioni, nywila yangu fupi haitoshi? Haitoshi, na hesabu yake ni nyepesi. Mizunguko 500,000 humzidishia mkisiaji kazi mara 500,000. Maneno mawili ya ziada, yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776, humzidishia kazi mara milioni 60. Maneno sita ya namna hiyo ni ngome. Lakini dadu ndizo zichague. Methali haifai kuwa nywila hata iwe ndefu vipi, kwa sababu tunaijua sote, na mkisiaji naye anayo kwenye orodha yake.

Alama ya pili ni uwazi, na hapa ndipo ubishi ulipo mkali. Wengi huhisi kwamba mtengenezaji anayeficha namna programu yake inavyofanya kazi yuko salama kuliko anayeianika. Auguste Kerckhoffs alilijibu hilo mwaka 1883: mfumo mzuri ni ule usiodhurika hata ukiangukia mikononi mwa adui, siri pekee ikiwa ni ufunguo. Tuliokuja baadaye tuna ushahidi mzito zaidi. Crypto AG ya Uswisi iliuzia serikali nyingi mashine za usimbaji zilizofungwa, na Februari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba tangu 1970 kampuni hiyo ilikuwa mali ya siri ya CIA na shirika la ujasusi la Ujerumani Magharibi. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na wateja hawakuwa na ruhusa ya kuzunguka nyumba.

Wapo wanaojibu kwamba msimbo wa programu kuwa wazi si hoja kama hakuna anayeusoma. Wana haki. TrueCrypt ilikuwa wazi tangu 2004, na ukaguzi kamili wa wataalamu wa nje ulikamilika 2015, mwaka mmoja baada ya waundaji wake kuitelekeza. Wakaguzi hawakukuta mlango wa uani, ila miezi michache baadaye mtafiti mmoja wa Google akakuta matundu mawili katika sehemu yake ya Windows. Kwa hiyo neno “huria” kwenye tangazo lisikutosheleze. Tafuta ripoti ya ukaguzi yenye jina la aliyekagua na tarehe. VeraCrypt ilikaguliwa na kampuni ya Kifaransa ya QuarksLab mwaka 2016, zikapatikana kasoro nane zilizoitwa kubwa, na nyingi zikarekebishwa katika toleo la 1.19. Mnunuzi mwoga huikimbia programu yenye historia hiyo. Mimi naona ndiyo ya kuaminiwa, kwa kuwa ile isiyotajwa kuwa na kasoro hata moja, mara nyingi, haijatazamwa na mtu.

Yakitimia hayo, uchaguzi hufuata hofu yako. Anayeogopa kuibiwa kompyuta mpakato aisimbe diski nzima kwa BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac au LUKS ya Linux, akijua kwamba Windows ya nyumbani kwa kawaida huweka ufunguo wa dharura kwenye akaunti ya Microsoft. Anayehifadhi mtandaoni atafaidi Cryptomator, inayosimba kila faili peke yake pamoja na jina lake. Wa kutuma faili moja atumie 7-Zip kwa muundo wa 7z, achague kuficha na majina. Usimbaji wa zamani wa ZIP uachwe kabisa; Biham na Kocher walionyesha udhaifu wake mwaka 1994.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba watu wengi hupoteza faili zao kwa kusahau nywila au diski kuharibika kuliko kwa wezi. Huenda ni kweli, na programu bora hujiandaa kwa hilo. Mwanzo wa kasha la VeraCrypt hubeba ufunguo mkuu. Mwanzo huo ukiharibika, nywila sahihi haifungui kitu. Ndiyo maana programu huweka nakala yake mwishoni mwa kasha na kukuruhusu kutoa nyingine ya kuhifadhi nje. Itoe. Nywila iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vya nyumbani. Kisha lifungue kasha kwenye kompyuta nyingine, usome faili mbili tatu, ndipo uifute nakala isiyosimbwa, ukikumbuka kwamba kwenye SSD kufuta hakuhakikishi kuondoa: faili lililowahi kukaa wazi kwenye diski isiyosimbwa linaweza kuwa bado limo humo.