Uzio wa kuzuia mbu: mbinu ichukuliwe Kagera, mmea uchaguliwe Kalinzi

Mkulima wa Kalinzi, mkoani Kigoma, anayetaka mimea ya kufukuza mbu ana mfano wa kuchunguza katika mkoa jirani. Kati ya Septemba 2008 na Julai 2009, watafiti walipima katika kijiji kimoja cha Kagera kama lantana iliyopandwa kuzunguka nyumba inapunguza mbu ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwa maoni yangu, mbinu waliyoitumia ina thamani kuliko mmea wenyewe.

Mbu wakuu wa malaria hupenda kuuma usiku, watu wakiwa wamelala, na wengi huingilia kwenye mwanya kati ya ukuta na paa. Kwa hiyo lantana haikupandwa kama pambo la bustani. Ilichaguliwa kwa sababu hurefuka na kusongamana, ikawekwa kwenye njia ya mbu. Familia zilizokubali zilipanda na kutunza zenyewe.

Upimaji nao ulikuwa makini. Nyumba 231 zenye lantana zililinganishwa na 90 zisizo nayo, kwa mitego ya taa: balbu ndogo, feni inayomvuta mbu akikaribia, na mfuko wa wavu unaomnasa. Kaya ziliulizwa pia kuhusu ujenzi wa nyumba na hali ya maisha, maana nyumba iliyojengwa vizuri huweza kuwa na mbu wachache hata bila uzio.

Nyumba zenye lantana zilikuwa na mbu wa malaria aina ya Anopheles gambiae pungufu kwa asilimia 56, wa aina ya Anopheles funestus pungufu kwa asilimia 83, na mbu wa kila aina pungufu kwa asilimia 50. Gharama ilikuwa dola 1.50 za Marekani kwa nyumba, pamoja na kazi ya kutunza. Lakini tukumbuke kuwa waliohesabiwa ni mbu, si wagonjwa wa malaria.

Je, kilichowazuia mbu ni harufu au ni ukuta wa majani? Majaribio ya Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, yanatusaidia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kuwa kivumbasi kikiwa hai ndani ya chungu kilifukuza karibu asilimia 40 ya mbu katika vibanda vya majaribio; lantana, karibu theluthi moja. Mmea wa chunguni hauwezi kuziba nyumba, kwa hiyo harufu ina kazi yake. Sugua jani la kivumbasi kati ya vidole utaelewa: mafuta yake yamo katika vifuko vidogo juu ya jani, na hutoka kwa wingi jani likiguswa au likipata joto. Likiachwa tu, hutoa kidogo.

Hapo ndipo ninaposhauri Kalinzi isiige kila kitu. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na ikishaingia kwenye kahawa na migomba kuing'oa ni kazi ya miaka. Ng'ombe na mbuzi wakiila, huharibika ini na ngozi yao huungua juani. Zaidi ya hayo, vichaka vyake huwapa mbung'o kivuli cha kupumzikia. Kigoma inaijua malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o: mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walifyekesha vichaka kando ya Ziwa Tanganyika kupambana nayo. Haifai kurudisha kichaka mlangoni.

Kivumbasi ni salama zaidi, ila ni kifupi. Hakifiki usawa wa paa kama lantana. Kipandwe kwa mistari chini ya madirisha na kando ya mlango, mahali nguo za wapitao zitakapogusa majani. Kikatwe mara kwa mara ili kichipue majani mapya, na maji yasituame kwenye visahani vya vyungu, kwa sababu humo mbu huzaliana. Mwanya wa juu uzibwe kwa udongo au wavu, huku moshi wa jikoni ukiachiwa pa kutokea.

Chandarua chenye dawa kibaki kitandani kila usiku. Hata Kagera, ambako uzio ulifanya kazi, nusu ya mbu bado waliingia ndani.