Marufaa: Ubao Mmoja, Bawaba Isiyo na Msumari

Katika kazi zote anazoweza kupewa mwanafunzi wa useremala, sioni inayolea mkono na akili pamoja kuliko marufaa, kiegemeo cha kusomea Msahafu. Wengi tumeiona msikitini na chuoni ikifunguka mfano wa mkasi. Haina msumari wala gundi: yote imetoka katika ubao mmoja, na bawaba yake ni mti ule ule.

Ndiyo maana kazi huanza kwa penseli. Mwanafunzi huchagua ubao mkavu wa msaji au mninga, wenye nyuzi zilizonyooka, usio na kifundo mahali pa bawaba. Huupiga randa, huchora mstari katikati ya unene wake, kisha huugawa upana kwa meno, mara nyingi matano. Meno huchongwa kwa patasi pande zote mbili, moja likiinamia huku na jirani yake kule, hadi yakutane kwenye mstari. Kisha msumeno huupasua unene wa ubao kutoka kila ncha hadi kwenye bawaba. Ukifunguka, nusu zake zimeshikana wala hazitengani tena. Jino lililokatwa kupita mstari halirudi, na hakuna nakshi ya kulifichia aibu.

Nakshi nayo ina sheria zake. Bikari ikichora duara, upana ule ule wa miguu yake huligawa duara sehemu sita sawa, na waridi likapatikana bila kukisia. Karibu na bawaba fundi hachimbi sana, asije akaudhoofisha mti. Hivyo uzuri hutii uimara. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palisifika kwa uchongaji na pia kwa kunakili Misahafu. Kitabu na mti vililelewa pamoja. Na katika makumbusho ya Metropolitan, New York, imo marufaa ya mwaka 1360 yenye jina la fundi wake, Hasan bin Sulaiman al-Isfahani.

Sera ya elimu ya Tanzania, toleo la 2023, imeipa sekondari mkondo wa amali. Walimu wa karakana, msiishie kwenye stuli na madawati. Mpeni kila mwanafunzi ubao, bikari na patasi. Abuni, apime na akate mwenyewe. Marufaa yake ikifunguka na kusimama, mwambieni achonge jina lake juu yake, kwa kuwa amelistahili.